Shimo Chini ya Fundo

Shimo lilichimbwa na mtu mwenye haraka. Hilo Inspekta Irene Sanga aliliona kabla hata hajachuchumaa. Udongo ulikuwa umetupwa huku na huku, kingo zimepasuliwa kwa jembe pana, na aliyechimba hakujisumbua kulifukia. Irene alipiga magoti kwenye majani makavu, akatoa tepu ya fundi cherehani ambayo haikosi mkobani mwake, akapima. Kina, inchi kumi na moja. Upana, futi moja na ushei.

"Bibi Odete hachimbi namna hii," alisema Constantino, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye aliyewaongoza mpaka pale. "Yeye anatumia mti uliochongwa ncha. Anakata nusu ya mzizi, nusu anairudisha, anafukia, anashindilia kwa kisigino. Ukipita kesho yake hujui kama palichimbwa."

"Basi nani alichimba?"

"Mimi ni mwenyekiti, afande. Uganga sijasomea."

Irene aliliandika jibu hilo kama lilivyo. Shida ilikuwa moja tu: Bibi Odete mwenyewe alikwisha kukiri.

Americo, fundi seremala wa Chuno, alifia hospitalini Jumanne baada ya kutapika na kuharisha siku tatu mfululizo. Alikuwa na kifua cha miaka mingi, na kila kilipombana alipanda pikipiki mpaka kitongoji hiki cha karibu na mto Ruvuma, akachukua mzizi kwa Bibi Odete, akauchemsha, akapata nafuu. Safari hii hakupata nafuu. Mjane wake, Mariamu, aliwakabidhi polisi kipande kilichobaki kikiwa kimeviringishwa kwenye gazeti. Jumatano askari wawili walimfuata Bibi Odete, mwanamke wa miaka sabini na mitatu mwenye leseni yake ya tiba asili iliyotundikwa ukutani, naye hakubisha. Nilichimba mimi, nikampa mimi. Maelezo yake ya onyo yalikuwa mistari saba, na chini yake dole gumba.

Leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kwa maelezo yale hakuna wakili ambaye angemwokoa na gereza. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikwisha kuliona jalada kuwa limekamilika, akamwambia Irene asiliongezee uzito. Lakini Irene alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na ile mistari saba ilimkera. Mtu aliyeua kwa bahati mbaya huwa hanyamazi. Atakusimulia alivyoamka, alivyokunywa chai, aliyemsalimia njiani, mpaka mkono uchoke kuandika. Bibi huyu alijibu kama anayejaza fomu.

Mtu wa tatu pale porini alikuwa mzee Danieli, mtaalamu wa mimea aliyestaafu na kubaki Naliendele kwa sababu, kama asemavyo mkewe, huko kwao aliacha watu na hapa ana miti. Irene alimwomba aje kwa hisani tu. Tangu wafike hakuwa amezungumza na binadamu. Alikuwa amelala kifudifudi kando ya shimo, mkono mzima ndani, anapekua udongo kwa vidole.

"Niletee kile kipande," alisema.

Irene alifungua bahasha ya vielelezo. Mzee alitoa mkono shimoni akiwa ameshika kiazi cheupe kilichokatwa na jembe, akakiweka kando ya kipande cha Americo bila kuvigusisha, kwa kuwa Irene alimkataza. Mkato wa huku ulilingana na mkato wa kule, mpaka kigongo kidogo cha pembeni kikaelekeana na bonde lake. Irene alipiga picha nne.

"Mkalamu," alisema mzee Danieli, na sauti yake ilikuwa na heshima. "Tazama ulivyopinda kama kiwiko. Wakati wa mvua unapanda juu ya vichaka, ua lake jekundu na manjano, petali zimegeuka kuangalia juu. Hata mbuzi wanaukwepa. Bibi anautumia kwa chawa na vidonda, kwa kupaka. Kuunywa ni kujichimbia kaburi."

"Na hiyo dawa ya kifua?"

"Ni mmea mwingine kabisa. Majani mapana, ua lake linakaa chini kabisa, karibu na udongo. Watu wa hapa wanaujua kwa kazi yake, mzizi wa kifua. Jina lake la Kimakonde nimemwomba bibi miaka sita, hajanipa."

Irene alitazama huku na huku. Ilikuwa Septemba, msitu umekauka, na juu ya ardhi hapakuwa na jani pana wala ua jekundu. Alitaka kujua mtu anautafutaje mmea usioonekana. Mzee Danieli alifurahi kuulizwa. Mimea yote miwili, alieleza, hufa juu ifikapo mwezi wa sita na kubaki hai chini, ikisubiri mvua nyingine. Mganga mwenye akili huiwekea alama mapema, majani yangali yapo.

Constantino alionyesha kwa kidole. Kwenye shina la mti uliosimama kando ya kichuguu, usawa wa goti, ilifungwa kamba ya gome, na fundo lake lilitazama shimo moja kwa moja. Alama ilisema dawa ipo hapa, na ardhi ikatoa sumu.

Irene alisogeza uso karibu na ile kamba. Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: kuna mtu amehamisha alama. Lakini kamba ilikuwa kijivu, imetafunwa na mchwa upande mmoja, na alipoinyanyua kwa ncha ya kalamu, gome la mti chini yake lilikuwa na mstari mweupe uliolingana nayo sawasawa. Haikuguswa tangu masika. Alikuta kamba kama hizo kwenye miti mingine saba, na hakuna hata moja iliyochezewa.

Constantino alikohoa. Kama afande anatafuta mtu wa jembe, alisema, basi Cesar yupo. Cesar wa Chuno, muuza mizizi. Huingia na pikipiki na viroba, anafagia msitu kama anafagia uwanja wake.

* * *

Cesar alikuwa na kibanda cha mabati chenye chupa za kila rangi na maandishi yaliyoahidi kutibu kila kitu isipokuwa uongo. Alimkaribisha Irene kwa bashasha, akampa stuli, akamuuliza afande anasumbuliwa na nini. Alipoambiwa ni kifo cha Americo, bashasha ilimwisha.

Alikana haraka. Hakumwuzia Americo chochote, hakumjua ila kwa sura, na msitu ule wa Bibi Odete aliuacha tangu mwaka jana. Irene alimuuliza kwa nini aache msitu wenye mali. Cesar alizungusha macho, akapima kipi kibaya zaidi, wizi au mauaji, akachagua wizi.

"Yule bibi anafunga uongo, afande," alisema kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Nilichimba chini ya mafundo yake saba. Saba! Nikapata mawe na mizizi ya miti. Siku nzima mgongo unaniuma bure. Nikasema huyu ameweka uchawi, sirudi."

Irene nusura acheke. Alimwomba tiketi za safari yake ya Dar es Salaam, kwa maana alikwisha kusikia kwa jirani kwamba Cesar alirudi jana tu, na tiketi zilikuwapo: alikwenda kabla Americo hajafuata dawa, akarudi baada ya mazishi. Basi si yeye. Ila alikuwa amempa kitu kizuri kuliko kukiri.

Alisimama kivulini nje ya kibanda, akampigia simu Constantino. Alimwomba arudi porini na mzee Danieli, wachague miti mitatu yenye kamba na wachimbe pande zote mbili, chini ya fundo na nyuma yake. Wasiusahau ule mti wa shimo.

Alikunywa soda mbili akisubiri. Simu iliita baada ya saa mbili kasoro.

"Afande," Constantino alisema, na alikuwa anahema. "Chini ya fundo hakuna kitu. Nyuma ya mti, mkabala na fundo, mzizi wa kifua upo. Miti yote mitatu. Na kwenye ule wa shimo nao upo, nyuma, mzima, haujaguswa."

Sasa ilieleweka. Bibi Odete alifunga fundo upande usio na dawa, makusudi, ili wezi kama Cesar wachimbe mawe. Kwenye mti mmoja, kwa bahati mbaya, mkalamu ulikuwa umejiotea wenyewe chini ya fundo.

* * *

Askari walimtoa Bibi Odete mahabusu wakamleta kwenye chumba cha mahojiano saa kumi jioni, jua likingali linapiga dirishani. Alikuwa mwembamba, mwenye nembo za zamani za chale mashavuni, kanga mbili zilizofuliwa zikafubaa, na goti la kulia alilolikunja kwa shida. Irene alimwamkia, akaitikiwa, akamsogezea benchi liwe karibu na upepo wa feni.

Hakumuuliza habari za Americo. Alimwomba tu amweleze alivyochimba siku ile, hatua kwa hatua, kwa kuwa ripoti inadai hivyo.

"Nilikwenda, nikachimba."

"Kwenye mti upi, bibi?"

"Wa kichuguu."

Hapo alikuwa sahihi. Irene aliandika. "Kwa chombo gani?"

"Mti wangu wa kuchimbia. Chombo kingine sina."

"Upande gani wa shina?"

Bibi Odete alimtazama kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Lilikuwa swali la mtu aliyefika porini, na alilitambua. Lakini hakujua lile shimo liko upande gani, na ilimbidi ajibu.

"Upande wangu wa siku zote," alisema polepole. "Nyuma ya fundo."

Irene aliweka kalamu chini, akamweleza bila kumtisha. Nyuma ya fundo hakuna aliyechimba, dawa ingalipo. Shimo liko mbele na limechimbwa kwa jembe. Aliyechimba hakujua siri yako, bibi, na wewe siri yako unaijua. Kwa hiyo si wewe. Nani?

Bibi alivuta kanga akajifunika mpaka kwenye paji la uso. Akasema ameweka dole gumba na dole gumba halifutiki. Chai aliyoletewa aliiacha ipoe.

* * *

Jumamosi asubuhi Irene alikwenda nyumbani kwa bibi. Palikuwa na nyumba mbili kwenye uwanja mmoja, kubwa ya Bibi Odete na ndogo ya bintiye Esperanca na mumewe Stefano. Watoto watano walikuwa wanabangua korosho kivulini, wakaacha kazi kumwangalia afande. Esperanca alimpokea, mrefu na mchovu, macho yamevimba. Stefano hakuwapo. Yuko shambani, alisema, atarudi.

Irene alizunguka uwanja. Jembe pana liliegemezwa nyuma ya nyumba ndogo, mpini wake mpya, na kwenye ukingo wa bati lake palikuwa na utomvu mweupe uliokaukia. Alilifunga kwenye mfuko. Jambo lingine lilimvutia: kutoka nyumba ndogo kwenda kisimani palikuwa na njia mbili. Moja ilikatiza mbele ya baraza la bibi, fupi. Nyingine ilizunguka nyuma ya mikorosho, ndefu mara tatu, na ndiyo iliyokanyagwa mpaka ikawa na mfereji.

"Nani anapita huku?" aliuliza.

"Mume wangu," alijibu Esperanca. Alishangaa kuulizwa.

Stefano alifika na kuni begani. Mtu wa Newala, miaka arobaini hivi, mpole, mikono mikubwa. Alipoliona jembe lake kwenye mfuko wa polisi alitua kuni taratibu, akakaa juu yake. Irene hakuhitaji kumbana. Alimwonya kisheria kwamba halazimiki kusema, naye akasema yote, na alianza na alivyoamka.

Siku ile Bibi Odete alikuwa kitandani, homa imempanda na goti limevimba. Americo akaja anavuta pumzi kwa taabu. Bibi akampa Esperanca ujumbe: mwambie mumeo akachimbe kwenye fundo, mti wa kichuguu, ampe mgonjwa aende. Stefano hakuwahi kuchimba dawa ya mama mkwe, lakini kwao Newala alikulia kwa bibi yake mzaa mama, mganga pia, ambaye alifunga fundo upande uleule wenye mzizi. Kwa hiyo alichimba chini ya fundo. Akapata kiazi cheupe, akakata cha kutosha, akampa mgonjwa mkononi. Mgonjwa akashukuru, akaondoka.

"Hukuambiwa upande gani," alisema Irene. "Kwa nini hukwenda kumuuliza?"

Stefano alimtazama kama vile swali lenyewe halina adabu.

"Afande, yule ni mama mkwe wangu."

Irene alikuwa mtu wa Makete, na kwao pia mkwe anaheshimiwa. Lakini hakuwa ameelewa kipimo chake hapa, ikabidi Esperanca amweleze. Miaka kumi na moja Stefano ameishi uwanja huu, amemjengea mama mkwe jiko, amemwezekea nyumba, amemlimia. Hajawahi kumtazama usoni wala kusema naye. Bibi akikaa barazani, Stefano anazunguka mikorosho. Maneno yote hupita kwa Esperanca, yeye huyabeba kama yalivyo. "Mama alisema kwenye fundo, nami nikasema kwenye fundo," alisema. "Upande hatutaji. Kwetu upande haujawahi kutajwa, kila mtu anaujua. Sikukumbuka kwamba yeye si wa kwetu."

Jumanne usiku, habari za kifo cha Americo zilipofika, bibi alimuuliza bintiye mumewe alichimba wapi, akajibiwa kwenye fundo, mti wa kichuguu, bila kutajiwa upande. Hakulia. Alimwambia tu wasiseme neno, watoto watano hawalimiwi na mwanamke mwenye goti bovu.

* * *

Saa saba mchana chumba cha mahojiano kilikuwa na joto. Irene alimweleza Bibi Odete kwamba Stefano amekwisha kusema, jembe limeonekana, na maelezo yake ya Jumatano hayasimami tena. Jumatatu hatapandishwa kizimbani kwa kuua. Kuhusu Stefano, ni juu ya wakili wa serikali, naye Irene ataandika kila kitu, pamoja na homa, pamoja na ujumbe.

Bibi Odete alikasirika.

"Nani alikutuma kuniokoa?" alisema. "Mimi nimebakiza miaka mingapi ya kuihurumia? Jela yenu ina ugali kama nyumbani. Yule ana mikono. Ungeacha jambo lilivyo, mwanangu."

Irene alisema tu kwamba Mariamu ana haki ya kujua mumewe alikufaje.

Mlango ulifunguliwa. Koplo alikuwa ameambiwa amlete Stefano chumba cha pili, akakosea, akamleta hiki. Stefano alipomwona mama mkwe wake alirudi nyuma hatua moja, akageuka ukutani, na bibi naye akavuta kanga usoni. Koplo alimshika mkono amtoe. Stefano hakutoka.

"Mama," alisema, uso ukiwa ukutani. "Nilichimba mimi."

Lilikuwa neno la kwanza Stefano kumwambia mama mkwe wake. Irene alimwashiria koplo atulie.

"Ungeniuliza," alisema Bibi Odete, na hakuna aliyekuwa katikati kuyabeba maneno hayo. "Ningekwambia."

"Ningekuulizaje, mama?"

Kwa miaka kumi na moja mkwe huyu alimheshimu kama alivyofundishwa, na bibi alifurahia heshima ile, akijisifia kwa majirani. Alishusha kanga kutoka usoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kisha, kwa shida ya lile goti, alisogea mpaka ukingoni mwa benchi, akapigapiga ubao uliobaki wazi kando yake.

"Geuka," alimwambia. "Njoo ukae."